Mkono wa breki kwanza, mkono wa gia baadaye: namna ya kupanga usukani wa baiskeli ya haibridi

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam.

Nimekusudia kuandika kwa kirefu kuhusu jambo ninaloliona mara kwa mara kwenye baiskeli za haibridi, yaani zile zilizo kati ya baiskeli ya mashindano na ya milimani, zinazouzwa kama mitumba hapa Dar es Salaam, na ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kulitazama. Baiskeli hizi husafirishwa zikiwa zimebanana, usukani umegeuzwa ukalala sambamba na fremu, na mikono ya breki imezungushwa juu au chini ili isivunjike. Zikishafika, mtu huunyoosha usukani, hukaza bolti, hujaza upepo, na baiskeli inauzwa. Mikono ya breki na ya gia hubaki pale ilipokutwa. Mnunuzi naye hudhani kwamba hapo ndipo mahali pake, kwa hiyo huizoesha mikono yake ifuate chuma, ilhali chuma ndicho kilichotakiwa kuifuata mikono yake.

Madhara yake yanaonekana. Mkono wa breki ukiinuliwa mno, kifundo cha mkono hukunjika kuelekea nyuma kila unapoweka vidole juu yake, na uzito wa mwili huegemea kitako cha kiganja, mahali ambapo neva zinazokwenda vidoleni hupita. Ndiyo sababu waendeshaji wengi hulalamika kwamba kidole kidogo na kidole cha pete hufa ganzi baada ya mwendo mrefu: neva ya alna imebanwa kwenye kitako cha kiganja. Ikibanwa neva ya kati, ganzi huja kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Mkono wa breki ukiinamishwa mno, balaa ni la namna nyingine, kwa sababu kiganja hulazimika kuzunguka mbele juu ya kishikio ili vidole viufikie, kidole gumba hulegea, na bajaji ikikatiza ghafla unajikuta unafunga breki huku usukani umeushika nusunusu. Hili la pili ndilo linalonitia hofu zaidi, maana ganzi huja polepole na mtu hupata nafasi ya kuitafutia dawa.

Kabla ya kugusa bolti yoyote ya usukani, hakikisha kiti kipo kwenye kimo chako na hakijainama mbele. Kiti kilichoinamisha pua humtelezesha mwendeshaji mbele, naye hujizuia kwa viganja vyake. Hapo hata mikono ya breki ipangwe vizuri namna gani, ganzi haitaondoka. Vivyo hivyo, kama usukani upo mbali mno na kifua chako, kuzungusha mikono ya breki hakutausogeza karibu. Mambo hayo mawili yatangulie.

Sasa ipande baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani, uvae viatu unavyoendeshea kila siku, ukae kama unavyokaa barabarani, si kama unavyokaa ukipigwa picha. Fumba macho, weka viganja kwenye vishikio, kisha nyoosha vidole mbele bila kukunja kifundo. Mtu wa pili akikutazama kwa ubavuni anapaswa kuona mstari mmoja ulionyooka kutoka kiwiko, kupitia kigasha na kifundo cha mkono, mpaka kwenye vidole. Vidole vinapoelekea, hapo ndipo mkono wa breki unapotakiwa kulala. Kwa mwendeshaji wa haibridi anayekaa wastani, yaani hajainama kama mwanamashindano wala hajakaa wima kama aliye kwenye kiti cha ofisi, pembe hiyo kwa kawaida huangukia kati ya nyuzi 30 na 45 chini ya mstari wa mlalo. Hata hivyo nawasihi msiichukue namba hiyo kama amri. Usukani ukiwa juu na mtu akikaa wima, vigasha vyake hulala karibu na mlalo na mikono ya breki nayo iinuke. Usukani ukiwa chini na mtu akiinama, vigasha hushuka na mikono ya breki ishuke navyo. Watu wawili wenye baiskeli zinazofanana kabisa wanaweza kuhitaji pembe tofauti, na wote wawili wakawa sahihi.

Pembe ikipatikana, geukia jambo ambalo hata mafundi hodari hulisahau, nalo ni umbali wa mkono wa breki kutoka kwenye kishikio, kwa maana ya kuusogeza ndani kuelekea katikati ya usukani au nje kuelekea ncha. Mkono wa breki ni wenzo, na nguvu ya wenzo hukua kadiri unavyouvuta mbali na ekseli yake, yaani pini unapozungukia. Ekseli hiyo ipo upande wa ndani, karibu na kibano, yaani pete yenye bolti inayoushikiza mkono wa breki kwenye usukani. Ikiwa vidole vyako vinakamata sehemu iliyo karibu na ekseli, unavuta kwa nguvu nyingi na kupata breki kidogo. Vikikamata karibu na ncha iliyopinda, nguvu ndogo hutosha. Baiskeli nyingi hufika kibano kikiwa kimesukumwa mpaka kikagusana na kishikio, na hapo kidole cha shahada huangukia katikati ya wenzo au hata karibu zaidi na ekseli. Legeza bolti, sogeza kibano ndani kidogo kidogo, mpaka kidole cha shahada na cha kati viangukie kwenye theluthi ya nje ya wenzo, bila kuhamisha kiganja. Kwa breki zenye mikono miwili ya chuma kwenye gurudumu inayobana rimu, vidole viwili ndivyo vinavyofaa. Kwa breki za diski zinazotumia mafuta, kidole kimoja hutosha, na hivyo kibano huenda ndani zaidi. Vidole vinavyobaki vishike usukani, kwa kuwa anayevuta breki kwa vidole vyote vinne hana cha kuzuia usukani usimponyoke gurudumu linapoingia shimoni.

Usukani wa haibridi una kikomo chake hapa. Sehemu inayopokea vibano huwa na kipenyo cha milimita 22.2, lakini katikati, mahali unapobanwa, usukani hunenepa mpaka milimita 25.4 au 31.8. Kibano hakiwezi kupanda sehemu nene, kwa hiyo nafasi ya kuingia ndani si ya bure kama inavyodhaniwa.

Baada ya hapo tazama umbali wa wenzo kutoka kwenye usukani wenyewe. Karibu mikono yote ya breki ya haibridi ina skrubu ndogo, ama ya bisibisi ama ya ufunguo wa alen (wenye pembe sita) wa milimita 2, iliyo karibu na mahali wenzo unapoungana na kibano chake. Ukiikaza, wenzo husogea karibu na kishikio. Kipimo chake ni hiki: pingili ya kwanza ya kidole cha shahada iufikie wenzo huku kiganja kikiwa kimetulia, na breki ikishafungwa kwa nguvu zote pabaki nafasi kati ya wenzo na vidole vilivyoshika usukani. Skrubu hii ikiguswa, waya nao huguswa, hivyo rekebisha tena umbali wa raba za breki kutoka kwenye rimu.

Sasa ndipo mkono wa gia upewe nafasi, na nasema sasa kwa makusudi. Gia ikichelewa nusu sekunde unapanda kilima kwa tabu. Breki ikichelewa nusu sekunde habari huwa nyingine. Mkono wa gia unastahili nafasi inayobaki baada ya breki kutulia. Kwa aina inayosukumwa kwa kidole gumba, kipimo ni kwamba kidole hicho kiufikie wenzo mkubwa na kuusukuma mpaka mwisho wake bila kitako cha kiganja kuachia kishikio. Mara nyingi pembe ya gia huwa sawa na ya breki au hutofautiana nayo kidogo tu. Mpangilio wa kawaida ni kishikio, kisha kibano cha breki, kisha kibano cha gia upande wa ndani. Lakini ukihitaji breki iingie ndani zaidi, hakuna kinachokataza gia ikae kati ya kishikio na breki, mradi wenzo wa breki ukivutwa mpaka mwisho usigonge kasha la gia wala wenzo wake mdogo. Lijaribu hilo gia ikiwa kwenye kila namba, kwa sababu kwenye aina fulani wenzo wa gia hubadilisha mahali unapokaa kadiri namba inavyobadilika.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.


Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, nashukuru kwa maelezo yenye kina. Ninayo haibridi ya gia tatu mbele na saba nyuma, na kwangu breki na gia ni kitu kimoja: kibano ni kimoja, bolti ni moja, na juu yake kuna kidirisha kinachoonyesha namba. Nikiizungusha breki ifuate vidole vyangu, gia nayo inazunguka, na wenzo wa kidole gumba unakwenda chini mahali ambapo lazima nikunje kidole ili niufikie. Je, katika hali hii nichague kipi? Nimeshauriwa pia kwamba ninunue mikono mipya iliyotenganishwa, lakini sijajua kama gharama hiyo ina maana.


Mwanzisha uzi

Mkuu wa Mwanza, swali lako ni la watu wengi, kwa sababu mikono ya namna hiyo, ambapo Shimano na wengineo huunganisha breki na gia kwenye kasha moja, ndiyo iliyofungwa kwenye haibridi nyingi za bei ya chini na ya kati. Jibu langu halibadiliki: panga kwa kufuata breki, kisha tafuta nafuu ya gia ndani ya nyuzi chache zinazobaki. Kigasha cha mtu hakidai pembe moja tu. Kina upana wa nyuzi kadhaa ambamo kifundo hubaki kimenyooka vya kutosha. Anzia kwenye pembe sahihi ya breki, kisha inua kasha zima kidogo mpaka kidole gumba kifike, na usimame pale kifundo kinapoanza kukunjika. Ukiwa na kidole gumba kifupi, kusogeza kasha nje kuelekea kishikio husaidia gia lakini hupunguza nguvu ya breki, kwa hiyo usogeze kwa milimita chache tu na ujaribu breki kila mara.

Kuhusu kununua mikono iliyotenganishwa, naona ina maana pale tu ambapo umeshajaribu hayo na bado kidole au kifundo kinauma. Ukinunua, hakikisha mkono wa gia unalingana na idadi ya gia za nyuma, na mkono wa breki unalingana na aina ya breki, jambo ambalo natumaini fundi mmojawapo humu atalifafanua kuliko mimi.


Fundi, Ilala

Habari za humu. Mwanzisha uzi ameeleza vizuri upande wa mwili, nami naomba niongeze upande wa benchi la kazi, kwa kuwa kazi hii huharibika kwenye mambo madogo.

Kwanza, nimeombwa suala la kulingana. Breki za mikono miwili mirefu inayobana rimu, zile ambazo Shimano ilizipa jina la V-Brake katika miaka ya 1990, huhitaji mkono wa breki unaovuta waya mrefu, karibu mara mbili ya ule unaovutwa na mkono wa breki za kizamani. Ukifunga mkono wa kizamani kwenye breki hizi, wenzo unaweza kufika kwenye kishikio kabla raba hazijakamata sawasawa. Ukifanya kinyume chake, yaani mkono mpya kwa breki ya kizamani, utasikia ugumu kama unaminya mbao na baiskeli haisimami inavyopaswa. Kwa hiyo mteja akiniletea mikono aliyoinunua sokoni kwa kuvutiwa na umbo lake, humwuliza breki zake ni za aina gani kabla ya kushika ufunguo.

Pili, usizungushe kibano kikiwa kimekazwa. Naona watu wanakamata mkono wa breki kama mpini wa jembe na kuulazimisha. Chuma cha kibano hukwaruza usukani wa aluminiamu kwa kuuzunguka, na mkwaruzo wa namna hiyo ni mahali ambapo ufa huweza kuanzia. Legeza bolti mpaka kibano kitembee kwa kidole. Kwa kawaida ni ufunguo wa alen wa milimita 4 au 5. Kama kishikio cha mpira kinakuzuia, kiinue ukingoni kwa kijiti laini, tia maji ya sabuni au spiriti, kisha kizungushe kikitoka. Usitie mafuta ya aina yoyote wala grisi, kwa sababu kishikio hakitakauka, na siku moja kitakuponyoka kikiwa mkononi mwako.

Tatu, kukaza. Watengenezaji wengi hutaka bolti hizi zikazwe kati ya newtonmita (kipimo cha nguvu ya kukazia) 4 na 8, na kiwango chenyewe mara nyingi huandikwa kwenye kibano. Mkono wa breki haubebi uzito wa mtu. Unachotakiwa ni kutozunguka unapovutwa. Mimi hukaza mpaka ukiuvuta kwa nguvu zote hautikisiki, lakini ukiusukuma kwa kiganja kwa nguvu kubwa kutoka juu, unakubali kuzunguka. Baiskeli ikianguka, mkono uliokazwa kupita kiasi huvunjika au hupinda, na ule uliokazwa kwa kipimo hugeuka tu, nawe unaurudisha na kuendelea na safari. Wapo wanaozungushia utepe mweupe wa mafundi bomba chini ya kibano ili kiweze kuzunguka hivyo bila kukwaruza, na utaratibu huo naukubali.

Nne, na hapa naomba tuelewane vizuri, mkono ukihamishwa, waya na kava lake, yaani bomba jembamba linaloufunika waya, huhamishwa. Baada ya kupanga, geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, huku gurudumu la nyuma likizungushwa hewani. Kama gia inaruka yenyewe au breki inajifunga, kava ni fupi kwa mpangilio mpya na lazima libadilishwe. Kava la breki na kava la gia si kitu kimoja hata yakifanana rangi: la breki limesukwa kwa waya uliozungushwa kama springi, na la gia lina nyaya zilizolala kwa urefu. Kava la gia likitumiwa kwenye breki linaweza kupasuka wakati wa kuvuta kwa nguvu, na wakati wa kuvuta kwa nguvu ndio wakati unaoihitaji breki. Naona hili likifanywa kwa kisingizio kwamba kava sahihi limekwisha dukani, na sikubaliani nalo hata kidogo.

Mwisho, kwenye mkono wa breki kuna nati mbili za mviringo zinazotokeza mahali waya unapoingia, nazo zina mfereji mwembamba wa kupitishia waya. Ukimaliza kurekebisha, hakikisha mifereji ya nati hizo haijapangana mstari mmoja na mfereji wa mkono wenyewe. Ikipangana, waya unaweza kuchomoka.


Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zangu, nimefaidika sana. Naomba kuuliza jambo lililonitatiza tangu niliponunua haibridi iliyotoka Ulaya. Kwenye baiskeli niliyokuwa nayo zamani, mkono wa kulia ulifunga gurudumu la mbele. Kwenye hii, mkono wa kulia unafunga la nyuma. Rafiki zangu wananiambia kwamba fundi wa huko alikosea. Je, ni kosa, na kama si kosa, niache ilivyo au nibadilishe?


Mwanzisha uzi

Ndugu wa Mombasa, si kosa, na nafurahi umeliuliza kwa sababu nilipaswa kuliweka mwanzoni kabisa. Nchi hazikubaliani katika jambo hili. Uingereza, Japani na Australia, ambako magari hupita kushoto, mkono wa kulia hufunga breki ya mbele. Marekani, kanuni za usalama wa baiskeli zinataka mkono wa kulia ufunge breki ya nyuma na wa kushoto ufunge ya mbele, na sehemu kubwa ya bara la Ulaya hufuata mpangilio huohuo. Mitumba inayoingia Tanzania na Kenya hutoka pande zote hizo, kwa hiyo baiskeli mbili zinazoegemezwa kwenye duka moja zinaweza kuwa na breki zilizopishana.

Sababu inayotolewa kwa mpangilio wa kulia kufunga mbele ina uzito kwetu. Sisi pia hupita kushoto, na kona ya hatari ni ile ya kukata kulia, kukatisha magari yanayokuja. Ili kuonyesha kwamba unakata kulia, unanyoosha mkono wa kulia, na usukani unabaki kwenye mkono wa kushoto peke yake. Ukilazimika kupunguza mwendo wakati huo, ni salama zaidi mkono uliobaki uwe na breki ya nyuma, kwa sababu breki ya mbele ikivutwa ghafla kwa mkono mmoja huweza kupindisha usukani au kumrusha mtu. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa uzito wa baiskeli na wa mwendeshaji huhamia mbele unapopunguza mwendo, na kwa sababu hiyohiyo inahitaji mikono miwili iliyotulia.

Hata hivyo mazoea ya mwili ni mazito kuliko hoja. Mtu aliyeendesha miaka mingi kwa mpangilio mmoja, siku ya dharura hatakumbuka aliyoyasoma humu. Vidole vyake vitakwenda vilipozoea. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba baiskeli zako zote, na zile unazotumia na watu wa nyumbani, ziwe na mpangilio mmoja. Kama zamani ulizoea kulia kwa mbele, badilisha hii. Kwa breki za waya kazi si kubwa: mikono hubaki mahali pake na nyaya ndizo zinazobadilishana, ila kava huenda likahitaji urefu mwingine, na kona ya kile kibomba cha chuma kilichopinda kwenye breki ya mbele iangaliwe isivunje mkunjo wa kava. Kwa breki za mafuta, usizifungue mwenyewe kama huna vifaa vya kutoa hewa, na uhakikishe fundi anajua mafuta yanayotumika, kwa sababu zipo zinazotumia mafuta ya madini na zipo zinazotumia DOT, yaani mafuta ya breki kama ya magari, na kuyachanganya huharibu mipira ya ndani.


Mchangiaji, Arusha

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha uzi kuhusu pembe. Mimi huendesha kwenye njia za vumbi na mawe huku milimani, na mikono yangu ya breki nimeiweka karibu na mlalo, nyuzi 15 au 20 tu chini yake. Nikiishusha mpaka 40 kama unavyosema, nikiteremka kilima najihisi nasukumwa mbele juu ya usukani. Waendeshaji wengi wa baiskeli za milimani wanaweka hivyo pia. Kwa nini haibridi iwe na sheria yake?


Mwanzisha uzi

Mkuu wa Arusha, hatutofautiani kama inavyoonekana, kwa sababu nawe umefuata kigasha. Anayeteremka njia ya mawe husimama juu ya pedali, hurudisha makalio nyuma ya kiti, na mikono yake hunyooka kuelekea mbele karibu na mlalo. Mkono wa breki ulioinuka ndio unaomfaa kwa mkao huo, na tena humpa kitako cha kiganja mahali pa kusukumia. Anayekwenda kazini kwa barabara ya lami hukaa kitini karibu safari nzima, na mikono yake hushuka kutoka begani kwenda kwenye usukani. Mkono wa breki uliowekwa karibu na mlalo utamkunja kifundo kila anapouweka kidole, asubuhi na jioni.

Haibridi ni baiskeli ya kati, na mwenye nayo ndiye anayejua anaiendesha wapi zaidi. Ukitumia sehemu kubwa ya muda wako kwenye vumbi na miteremko, baki na pembe yako. Ukiendesha mjini siku tano na milimani siku moja, ningekushauri upange kwa ajili ya zile siku tano, na kwenye mteremko ushuke taratibu.


Mchangiaji, Morogoro

Mimi nina viganja vidogo, na haibridi yangu ina gia za kuzungusha kwa kiganja, zile zinazozunguka kama aksereta ya pikipiki. Tangu mwanzo nimekuwa nikishindwa kufikia breki bila kunyoosha mkono wote. Nilidhani mwili wangu ndio wenye tatizo, lakini baada ya kusoma humu naona huenda ni mpangilio. Nianzie wapi?


Fundi, Ilala

Dada, mwili wako hauna tatizo lolote. Gia za kuzungusha hukaa palepale ambapo kiganja kingekaa, na hivyo huisukuma breki ndani kupita kishikio chote. Anza kwa kutazama urefu wa vishikio vyako: kwa gia za namna hii vishikio hutakiwa kuwa vifupi, na wauzaji wengi hufunga virefu vya kawaida, kwa sababu hiyo gia na breki vyote vinasogezwa ndani kuliko inavyohitajika. Tafuta vishikio vifupi, sogeza gia na breki nje, na kati ya kishikio na sehemu inayozunguka acha mwanya mwembamba, au weka washa ya plastiki, ili gia isisuguane na kishikio na kuwa nzito.

Kisha kaza ile skrubu ndogo aliyoitaja mwanzisha uzi, nusu mzunguko kwa kila jaribio, mpaka pingili ya kwanza ya kidole chako iufikie wenzo. Wenzo ukikaribia kishikio, safari yake ya kufunga breki hupungua, hivyo raba za breki zisogezwe karibu zaidi na rimu, na rimu iwe imenyooka. Rimu inayoyumba haitakuruhusu kusogeza raba. Hapo ndipo mafundi wengi hukata tamaa na kuirudisha skrubu ilipokuwa. Usikubali. Mwambie fundi wako ainyooshe rimu kwa njiti kwanza, kisha amalizie breki. Ikiwa baada ya yote hayo bado hufikii, ipo mikono ya breki iliyotengenezwa mifupi kwa viganja vidogo, nayo hufungwa kwenye usukani uleule wa milimita 22.2.


Mchangiaji, Mwanza

Nimejaribu kama nilivyoelekezwa na kasha langu limekubali. Nimeinua kidogo kutoka kwenye pembe ya breki, kidole gumba kinafika, na kifundo kimenyooka. Swali langu la mwisho: sasa kengele na taa havina nafasi, kwa sababu kasha limeingia ndani mpaka karibu na sehemu nene ya usukani. Je, nirudishe kasha nje?


Mwanzisha uzi

Hapana, Mkuu, usilirudishe. Taa haihitaji mkono wa mtu ukiwa safarini, kwa hiyo ifunge kwenye sehemu nene katikati, au chini ya usukani, au hata kwenye bomba la fremu linaloushika usukani, mradi waya wa breki usipite mbele ya mwanga. Kengele inahitaji kidole gumba, lakini zipo ndogo zinazoweza kubanwa kati ya kishikio na kibano, na zipo zinazofungwa kwa mkanda wa mpira unaonyumbuka mpaka kwenye sehemu nene. Ifunge upande wa kushoto ikiwa gia ya kulia ndiyo unayoitumia zaidi. Ukishaifunga, vuta breki zote mbili mpaka mwisho, sukuma kila gia, geuza usukani pande zote, na uone kwamba hakuna kinachogusana. Baada ya siku chache za kuendesha, pitia tena bolti za vibano kwa ufunguo, kwa sababu kibano kilichohamishwa hujilaza upya kwenye usukani na bolti yake huweza kulegea kidogo.